Jean Jaurès, mbunge wa watu wa mgodi, na zile feza za jeshi zilizokwama ku Paris

Kila Mei mosi viongozi wa sindika wanataja jina la Jaurès. Watu wanapiga makofi. Lakini ukimuuliza kijana kisha hotuba huyo Jaurès alikuwa nani, atakujibu tu kama ni Mfaransa mmoja wa zamani. Mimi pia nilikuwa vile. Jina nililisikia ku sekondari, nikalisahau. Nilirudi kumsoma siku nilipochaguliwa delege, juu mzee mmoja wa sindika yetu aliniambia kama ule mtu hakupelekwa bungeni na matajiri, alipelekwa na wachimba makaa. Neno hilo lilinishika.

Kuna sehemu moja ya maisha yake ambayo huku kwetu hatuizungumzii sana: namna alivyopigana juu ya feza za jeshi, na namna vyama vya Ufaransa vilivyovutana miaka na miaka mpaka vita ikafika mlangoni. Sisi tuko na vita ku mashariki ya inchi yetu, na kila mtu ku baa, ku kanisa, ku basi, anauliza feza za askari zinapita wapi. Basi tusikilize na hii ya wengine.

Jean Jaurès alizaliwa tarehe 3 Septemba 1859 ku Castres, mu jimbo la Tarn, kusini ya Ufaransa. Ukoo wake ulikuwa na watu wakubwa, lakini baba yake mwenyewe hakuwa na bahati ya biashara, na mtoto alikomalia ku shamba dogo, kati ya ng'ombe na wakulima. Alijua luga ya kienyeji ya kule kama vile alijua Kifaransa. Mdogo wake Louis aliingia jeshi la baharini na akafika mpaka cheo cha amirali. Muweke hiyo kichwani, juu baadaye watu watamuita Jaurès adui wa jeshi, wakati jeshi lilikuwa mu nyumba ya mama yake.

Ku masomo alikuwa moto. Mu mwaka wa 1878 alipita wa kwanza ku mtihani wa kuingia École normale supérieure ya Paris. Akawa mwalimu wa filozofia ku Albi, kisha ku Toulouse. Mu 1885, akiwa na miaka 26, akachaguliwa mbunge, na hakuna mbunge aliyekuwa kijana kumpita. Wakati ule hakuwa bado msosialisti. Alikaa na warepublika wa katikati, watu wa adabu, bila kelele. Lakini hapo tayari alitetea sheria ya kuwapa wachimbaji madelege wao wa usalama, watu wa kushuka chini wakague mgodi wenyewe. Mu 1889 akapoteza kiti, akarudi kufundisha.

Sasa tufike ku Carmaux. Carmaux ni mji wa makaa ya mawe mu jimbo lilelile la Tarn. Mgodi ulikuwa wa marki de Solages, na huyo marki alikuwa vilevile mbunge wa pale. Wale wanaoishi mu miji ya kampuni wanajua maana yake: anayekulipa mushahara, anayekupangisha nyumba, anayekusemea bungeni, ni mtu mmoja. Mu Mei 1892 wafanyakazi wakafanya jambo lisilozoeleka. Walimchagua mwenzao Jean-Baptiste Calvignac, mfanyakazi wa mgodi na sekretere wa sindika, awe meya wa mji. Calvignac akaomba apewe siku mbili kwa juma juu ya kazi ya umeya. Kampuni ikakataa. Kisha ikamfukuza kazi, ikisema anakosa kazini mara nyingi.

Kila mtu alielewa. Hakufukuzwa juu ya siku mbili, alifukuzwa juu ya kura. Mu Agosti watu wakaweka vifaa chini. Mgomo ukaenda mpaka mwanzo wa Novemba. Serikali ikatuma askari wakamate mji. Hawakutumwa ku mpaka kuangalia Mjerumani, walitumwa ku malango ya mgodi kuangalia watu wenye njaa. Nafikiri hapo njo Jaurès alianza kujiuliza jeshi ni la nani. Alikuwa mwalimu ku Toulouse, akawa anaandika mu gazeti la pale akitetea wale wagomaji. Hakutetea ngumi, alitetea haki ya mfanyakazi kuchaguliwa bila kunyimwa mkate. Mwishoni Waziri wa kwanza Loubet alitoa hukumu ya upatanisho, Calvignac akarudishiwa nafasi yake na ruhusa ya kufanya umeya. Marki aliacha kiti cha bunge. Na watu wa mgodi wakamtafuta yule mwalimu mwenye ndevu, wakamuomba asimame. Mu Januari 1893 akachaguliwa. Toka siku ile mpaka kufa kwake, isipokuwa miaka 4 kati ya 1898 na 1902 aliposhindwa kura, alikuwa mbunge wa Carmaux.

Nitapita mbio ku mengine, juu yanajulikana. Mu 1895 wafanyakazi wa vioo wa Carmaux waligoma, na mwaka uliofuata wakafungua kiwanda chao wenyewe ku Albi, Jaurès akiwa pamoja nao. Mu 1898 alimtetea kapiteni Dreyfus, Myahudi aliyehukumiwa bule na jeshi kama ni mpelelezi. Wasosialisti wengi walisema ni mambo ya mabwana, hayatuhusu. Yeye akasema yanatuhusu. Mu Aprili 1904 akaanzisha gazeti L'Humanité. Mu 1905 vikundi vya wasosialisti vilivyokuwa vinatukanana vikaunganishwa kuwa chama kimoja, naye akakubali kumeza mengi ili umoja ule upatikane.

Tuje ku jeshi. Watu wengi wanafikiri Jaurès alitaka Ufaransa ikae mikono mitupu. Hapana. Mu Novemba 1910 aliweka bungeni pendekezo la sheria juu ya jeshi jipya, na maelezo yake yalitoka mwaka uliofuata kama kitabu kikubwa, L'Armée nouvelle. Kwa ufupi, alisema hivi: nguvu ya inchi si vijana waliofungiwa mu kambi miaka mingi wakifagia na kupiga saluti. Nguvu ni watu wote wenye kujua kutumia silaha, wanaoishi nyumbani, wanaoitwa kwa mazoezi, wanaojua kila mmoja nafasi yake siku ya hatari. Kambini miezi 6, kisha mazoezi ya mara kwa mara, karibu na namna ya Uswisi. Maofisa wasome ku universite pamoja na wengine, wasikae kama kabila lao peke yao. Na aliwashtaki majenerali kama wanadharau askari wa akiba, watu wazima wenye familia, wakati vita kubwa itaamuliwa na hao.

Mtu anaweza kukubali ao kukataa. Mimi si askari. Lakini kile kilikuwa kitu cha kujadiliwa: askari wangapi, wa namna gani, kwa bei gani, juu ya kulinda nini. Bunge halikukijadili hata siku moja kama pendekezo. Lilitoka kwa msosialisti, na ilitosha. Watu wa kuume waliona ujanja wa kubomoa jeshi. Wengine ku mkono wake mwenyewe waliona aibu: namna gani msosialisti anaandika kurasa mia na mia juu ya bunduki? Basi kitabu kikakaa pale.

Mu Julai 1911 Wajerumani wakatuma meli ya vita ku Agadir, ku Maroko. Ulaya nzima ikatetemeka. Waziri wa kwanza wa Ufaransa, Joseph Caillaux, akazungumza nao, na tarehe 4 Novemba 1911 wakapatana: Ufaransa ikae Maroko, na Ujerumani ipate kipande kikubwa cha Kongo ya Wafaransa, ng'ambo ya maji yetu. Kile kipande kilikuwa na vidole viwili vilivyofika mpaka ku mto Kongo na ku Ubangi. Kwa hiyo babu zetu, bila kuulizwa, walipata jirani mpya. Vita iliepukwa, lakini Caillaux akaitwa msaliti, na mu Januari 1912 serikali yake ikaanguka.

Kisha hapo kila upande ukawa na hesabu zake. Ujerumani ilikuwa na watu zaidi ya milioni 65, Ufaransa milioni 39 na kitu. Mwanzo wa 1913 Berlin ikatangaza itaongeza askari wake zaidi ya 100000. Ku Paris, Raymond Poincaré alikuwa ametoka kuchaguliwa prezida, na serikali ikaleta sheria ya kurudisha huduma ya jeshi kuwa miaka 3. Toka 1905 ilikuwa miaka 2. Jaurès akasimama kuipinga, bungeni na nje. Tarehe 25 Mei 1913, ku Pré-Saint-Gervais, pembeni ya Paris, alipanda juu ya gari moja akishika bendera nyekundu mbele ya umati ambao wenye kuandaa walisema ulifika watu 150000. Alirudia mambo yaleyale ya kitabu chake: mwaka wa tatu kambini hautaongeza nguvu, utaongeza gharama na uchovu, pesa ile ingefundisha askari wa akiba. Magazeti ya kuume yakaandika kama ameuzwa kwa Mjerumani. Sheria ikapita, bungeni Julai, ku Seneti Agosti.

Hapo mtu atasema: basi iliamuliwa. Hapana, ndugu. Kuamua kuweka vijana kambini mwaka moja zaidi ni kitu kimoja. Kuwalisha, kuwajengea nyumba, kuwanunulia mizinga, ni kitu kingine. Nani analipa? Swali hilo njo lilikuwa mfupa ku koo, na lilikuwa mfupa toka zamani. Caillaux, alipokuwa waziri wa feza, alikuwa ameandika sheria ya kodi juu ya mapato: anayepata zaidi alipe zaidi. Bunge liliipitisha mu Machi 1909. Seneti ikaikalia. Mwaka moja, miwili, mitatu, minne, mitano. Wenye mali walisema ni kuingiza mikono ya serikali mu mifuko ya watu. Sasa watu wale wale waliopiga kelele zaidi juu ya kulinda inchi hawakutaka kulipa ule ulinzi kwa kodi. Walitaka serikali ikope. Na zaidi ya hapo, walitaka wale wanaokopesha serikali wasilipe kodi juu ya faida yao.

Mu Desemba 1913 serikali ya Barthou ikaleta mkopo wa faranga milioni 1300. Upande wa kushoto ukauliza: hati za mkopo huu zitalipa kodi ao hazitalipa? Barthou akang'ang'ana zisilipe. Akapigiwa kura, akaanguka, na mkopo ukaanguka naye. Askari walikuwa tayari wameongezwa, feza hazikuwepo.

Mlinganishe na upande wa pili wa mpaka. Ku Berlin sheria ya kuongeza jeshi na kodi ya kulipia jeshi zilipita pamoja mu mwaka ule ule wa 1913. Iliwekwa kodi ya mara moja juu ya mali ya matajiri. Wasosialisti wa kule walipinga kuongeza askari, lakini walipiga kura kwa ile kodi, juu iligusa wenye nacho. Simsifu Kaiser. Nasema tu mambo mawili yalitembea pamoja kule, na ku Paris yalitenganishwa.

Mtanisamehe niingize kidogo jambo letu. Miaka iliyopita, ku mgodi nilipokuwa, zilipatikana feza za kubadilisha taa na viatu vya watu wa chini. Hazikuwa nyingi lakini zilikuwepo, zimeandikwa. Tulikuwa na liste mbili za sindika, na uchaguzi ulikaribia. Liste yetu haikutaka ile ingine iweke sahihi ku karatasi, juu wangesema wao njo walileta viatu. Wao vilevile hawakutaka sisi. Tulikutana mara nne. Mara ya nne tuligombana juu ya nani akae mbele ku picha. Mwaka ukafungwa, zile feza zikarudi kule zilitoka. Mwenzetu mmoja aliteleza kwa kiatu kilichokwisha, akavunjika mguu. Nilikwenda kumuona ku hospitali na sikuwa na cha kumuambia. Sikumlaumu patroni siku ile. Kwa hiyo nikisoma habari za ile bunge ya 1913 sicheki.

Na mambo yalikuwa mengi mu ile miaka. Muangalie suruali. Askari wa Ufaransa alivaa suruali nyekundu, inayoonekana mbali kama moto. Toka 1911 waziri wa vita Messimy alitaka rangi ya kujificha, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekwisha kubadili. Wakajaribu nguo mpya, magazeti yakapiga kelele kama wanataka kuvua inchi heshima yake, wabunge wakafuata kelele, jambo likalazwa. Sheria ya nguo mpya ya bluu ilitoka tarehe 9 Julai 1914. Vita ilianza kisha wiki 4. Mnaelewa wenyewe kama viwanda havikufika kushona kitu.

Ku wizara ya vita yenyewe, kati ya Machi 1911 na Juni 1914 walipita watu 8, na Messimy mwenyewe mara mbili. Mmoja alikufa ku ajali ya ndege, ni kweli, lakini wengine waliondolewa na michezo ya bunge. Waziri anafika, anauliza mizinga mizito iko wapi, anaambiwa mpango unasomwa, kabla hajamaliza kusoma serikali imeanguka. Tusiwatwike wanasiasa yote: majenerali pia walipenda kupita kiasi kale kamzinga kao kepesi ka milimita 75, waliona mizinga mizito itawachelewesha. Lakini bunge yenye kukaa na kuuliza ingewabana. Bunge ile haikukaa.

Wabelgiji, mabwana wa inchi yetu wakati ule, hawakuwa bora. Miaka mingi kwao askari alipatikana kwa kura ya bahati, na mtoto wa tajiri aliyeangukiwa alinunua mtu wa kwenda pahali pake. Chama cha wakatoliki, kilichotawala, kilikuwa kimegawanyika juu ya jambo hilo, na wengi wao waliogopa hasira ya wapiga kura wa vijijini. Sheria ya kuondoa ule ununuzi, Leopold wa Pili aliiweka sahihi ku kitanda cha kufa, Desemba 1909, siku chache tu kabla hajafa. Huduma ya watu wote ilikuja 1913. Mwaka moja baadaye Mjerumani akawa ndani ya nyumba.

Sitaki kumfanya Jaurès malaika. Chama chake kilikuwa na desturi ya kukataa bajeti ya jeshi kila mwaka, yote nzima, nzuri na mbaya pamoja, juu ya kanuni. Yeye alijua kuandika kurasa mingi juu ya namna ya kulinda mpaka, lakini siku ya kura alikuwa na neno moja tu: hapana. Adui zake walitumia hiyo vizuri. Kama angesema, mwaka huu ninyi mizinga, sisi kodi, labda mlango ungefunguka. Ao labda usingefunguka, juu kule ku Seneti watu walikuwa wamefunga masikio. Lakini mtu anayejua kujadili na patroni mpaka usiku angeweza kujaribu na huko. Hilo mimi ninamlaumu, kwa heshima.

Mu Machi 1914 mambo yakawa mabaya zaidi. Caillaux alikuwa amerudi waziri wa feza, akisukuma kodi yake. Gazeti Le Figaro lilimpiga kila siku, likafika mpaka kutoa barua zake za siri. Tarehe 16 Machi bibi yake aliingia ku ofisi ya mkubwa wa lile gazeti, Gaston Calmette, akampiga risasi, akamuua. Caillaux akaacha kazi, na wiki nyingi Ufaransa ilizungumza juu ya bastola ya bibi moja kuliko juu ya mizinga.

Uchaguzi wa Aprili na Mei uliwapa wasosialisti viti karibu 100, havijafika hapo mbele. Wengi wa waliochaguliwa hawakupenda ile miaka 3. Prezida Poincaré akamleta mzee Ribot aunde serikali ya kuilinda. Wabunge wakamwangusha tarehe 12 Juni, siku ileile alipojitokeza mbele yao. Akaitwa Viviani. Huyu alikuwa amepiga kura ya kupinga miaka 3, sasa akakubali kuiacha ikae. Akapata mkopo mdogo kuliko ule wa Barthou. Tarehe 13 Julai seneta Charles Humbert akasimama ku Seneti na kumwaga yote nje: mizinga mizito haipo, ngome zimechakaa, viatu havitoshi. Viatu, ndugu zangu! Watu wakashtuka kama hawakuwa humo ndani miaka yote. Siku mbili kisha, tarehe 15 Julai 1914, kodi juu ya mapato ikapita mwishoni. Kiwango chake cha mwanzo kilikuwa asilimia 2 tu. Walikuwa wamegombana miaka 5 juu ya asilimia 2.

Jaurès alikuwa na siku 16 za kuishi.

Tarehe 28 Julai mahakama ikamwachilia bibi Caillaux, na siku hiyohiyo Austria ikatangaza vita juu ya Serbia. Jaurès akakimbia ku Brussels, tarehe 29, kukutana na wasosialisti wa inchi zingine, pamoja na wa Ujerumani. Akarudi Paris akiwa amechoka lakini akiamini bado kuna mlango. Tarehe 31 usiku, kisha kuwaona watu wa serikali, akaenda kula na wenzake wa gazeti ku Café du Croissant. Kulikuwa joto, dirisha lilikuwa wazi, alikaa mgongo ku barabara. Kijana mmoja anayeitwa Raoul Villain, aliyejazwa kichwa na maneno ya uzalendo ya siku zile, akampiga risasi toka inje. Ilikuwa karibu saa nne za usiku. Ku Carmaux habari zilipofika watu walikuwa tayari wanangojea kuitwa jeshini.

Walimzika tarehe 4 Agosti. Asubuhi viongozi wa vyama vyote walisimama karibu na jeneza, hata wale waliomuita msaliti. Kisha bunge ikakaa. Siku ile moja ilipitisha sheria 18, feza za vita ndani yake, bila mjadala, bila kura hata moja ya kupinga. Wasosialisti vilevile walikubali. Kile kilichoshindikana tangu 1909 kilifanyika mbele ya chakula cha jioni. Siku hiyohiyo Wajerumani waliingia Ubelgiji, na walikuja na askari wao wa akiba mu mstari wa mbele, jambo ambalo majenerali wa Paris walisema haliwezekani.

Tarehe 22 Agosti 1914 Ufaransa ilipoteza watu 27000 kwa siku moja. Wengi walikuwa mu suruali nyekundu. Vita ilifika na kwetu: askari na wabeba mizigo wa Kongo walitembea kwa miguu mpaka Tabora, walioingia mu Septemba 1916, na wengi wa wale wabeba mizigo hawakurudi kuona vijiji vyao.

Jaurès alikuwa na mtoto mwanamume mmoja, Louis. Aliomba mwenyewe kuingia vitani. Aliuawa mu Juni 1918, akiwa na miaka 19. Mu Machi 1919, Villain alipelekwa mbele ya mahakama, na wakamwachilia huru. Gharama za kesi akaambiwa azilipe mjane wa Jaurès. Mama yule alikuwa amepoteza bwana na mtoto, akaletewa na fakture.

Mu 1924 upande wa kushoto ulishinda kura, na serikali ikaamua kumpeleka Jaurès ku Panthéon, pahali Ufaransa inalaza wakubwa wake. Ilikuwa tarehe 23 Novemba. Wachimba makaa wa Carmaux walikuja na nguo zao za kazi, wakaandamana na jeneza mu barabara za Paris, kati ya mawaziri wenye kofia ndefu. Chama chake kilikuwa kimekwisha kupasuka toka Desemba 1920, wakomunisti upande mmoja, wasosialisti upande mwingine, na gazeti lake L'Humanité lilibaki kwa wakomunisti. Wakomunisti hawakukubali kutembea pamoja na serikali. Waliingojea ipite, kisha wakaja nyuma na maandamano yao wenyewe na bendera zao nyekundu, na watu wa Carmaux, waliomjua toka 1892, walikuwa wametangulia mbele na jeneza.